Sindano Saba

Kabla hajatoka kuzoa theluji mlangoni,
Tauno ananitungia uzi kwenye sindano saba,
anazichomeka katika kipande cha sabuni.
Hasemi kitu.

Miaka minne cherehani ililala chini ya meza,
imefunikwa shuka kama maiti.
Nikiipita, natazama dirishani,
ziwa limeganda hadi ng'ambo.
Baridi ya nje ina koti lake;
hii yabisi, ya ndani ya vifundo, haina.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa.
Vyangu kumi havifungui hata kopo la jemu.

Jana Venla kaja na koti,
mfuko umetoboka, funguo zimezama kwenye bitana.
"Bibi, nilitupe?"

Mishono kumi na mmoja. Nikapumzika.
Mitano.
Maumivu yakaketi kando yangu
kama mgeni asiyejua kuaga;
nikayasogezea kiti, nikaendelea.

Mshono umekwenda upogo.
Mama, aliyezeekea kiwandani Tampere, angeufumua.
Mimi nimekata uzi kwa meno.

Zimebaki sindano mbili kwenye sabuni.
Kesho, mkono ukiniruhusu.
Usiporuhusu, zikae palepale,
zinukie.