Mistari ya Mwinuko

Februari, Turku, ghorofa ya nne, kwa Orvokki.
Nje theluji inashuka bila haraka, kama mtu asiyedaiwa.
Ndani tuko sita na ramani moja, tumeitandaza sakafuni,
pembe zake tumezigandamiza kwa vilivyokuwa karibu:
kikombe, kikombe, kopo la sukari,
na kisigino cha Ilpo,
ambaye peke yake ameketi kitini.

Mipango si matumizi, sawa.
Lakini mwezi wa pili, jua likiaga saa kumi na moja,
mipango ndiyo akiba pekee tuliyo nayo ya kutumia.

Mimi ndiye karani.
Mahema matatu. Moja linavuja; Veikko anasema ameliziba.
Mwaka jana pia alisema ameliziba.
Maji, lita tatu kwa kichwa kwa siku,
maana visiwa vile vina bahari pande zote na kisima hata kimoja hakuna.
Mkate mweusi. Siagi. Samaki wa kukaushwa.
Kahawa: hapa tunakwama nusu saa,
Raisa anataka buni isagwe huko huko, kwa mkono, asubuhi kwa asubuhi.
Nani atabeba kinu? "Mimi."
Naandika: kinu, Raisa.
Pembeni, kwa penseli hafifu: atakibeba Veikko.

Kibano cha kupe. Dawa ya mbu. Kamba.
Sepetu ndogo, kwa lile jambo
ambalo kila mtu hulifanya na hakuna anayetaka kulisoma kwenye orodha.

Kivuko cha kwanza ni saa mbili na robo asubuhi.
Cha pili hakina saa. Kina Börje,
na Börje ana simu asiyoipokea.

Kisha Pirkko, mgeni wetu mwaka huu, akaweka kidole:
"Na hiki?"
Kidole kilikuwa juu ya Korppiluoto,
mahali mistari ya mwinuko inabanana kama mikunjo ya paji la uso.
Jabali la mita sitini. Miaka tisa iliyopita
tulilala juu yake, Ilpo akiwa mbele, akituimbia matusi
tupande upesi tuwahi machweo.

Chumba kikanyamaza. Birika likasema neno lake.
"Upepo," akasema Veikko.
"Ndege," akadakia Orvokki, "wanaatamia. Sheria hairuhusu."

Sisi tunakwenda Agosti.
Agosti hakuna ndege anayeatamia.
Nikaandika: ndege.

Maana hivyo ndivyo tumekuwa tukifanya.
Mwaka juzi kisiwa kimoja tulikikataa kwa ajili ya nyoka,
nyoka mmoja, aliyeonwa na shemeji ya mtu.
Mwaka jana kingine, kisa nauli.
Na kila mwaka vidole vyetu vinateleza kidogo
kuelekea kule mistari inakoachana,
visiwa bapa kama sahani,
mireteni michache, kondoo wa kukodishwa, 
kilima ambacho mtoto angekiruka.
Goti halijatajwa hata mara moja. Halimo kwenye orodha zangu,
na orodha ninazo zote.

Ilpo akainua kisigino.
Ramani ikajikunja yenyewe hadi kwenye kopo la sukari.
"Orvokki," akasema, "ndege gani hao, wa mwezi wa nane?"

Orvokki akatazama dirishani, akatazama kikombe.
"Wavivu," akasema. "Wamechelewa."

Aliyecheka kwanza ni Ilpo,
akacheka mpaka akalishika goti lenyewe kwa mikono miwili,
mbele yetu, waziwazi, kama mtu anayemtambulisha mkwewe.

Tukaitandaza ramani tena.
Korppiluoto, usiku mbili. Kupanda: polepole, siku nzima ikibidi.
Kiti cha kukunja, kimoja. Mbebaji: nikaacha wazi,
nikaizungusha karatasi.
Ikarudi na majina matano yamepandana,
na chini, kwa mwandiko wa kwata wa Ilpo:
kushuka, nakibeba mwenyewe.

Theluji bado. Saa tatu usiku.
Nimempigia Börje mara nne.