Tanbihi ya Thelathini na Moja

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitenge Makoroboi,
ndipo tunapotengeneza vitabu visivyokimbiliwa na mtu:
barua za wapagazi, mashauri ya ardhi na walionyang'anywa,
muziki wa kanda ya ziwa, juzuu la pili.
La kwanza bado tunalo. Limejaa chini ya ngazi,
panya wamefika sura ya nne.

Mimi ni msahihishaji. Riziki yangu ni nukta.
Wadudu wa ziwa wakiingia dirishani kama moshi
hutua juu ya karatasi, nami huwapuliza mmoja mmoja
nisije nikaacha mkato ambao mwandishi hakuuweka.

Safari hii kitabu ni cha Daktari Rwezaula,
nyimbo za wapalilia pamba, Kisukuma kushoto,
Kiswahili kulia, na Kiswahili chake amekipima:
nane kwa nane, kama magunia ghalani.
Vina vilimshinda. Mizani aliiweza.
Ukurasa wa mia na tisa, wimbo wa karani wa kinu cha pamba.
Chini yake, kwa herufi za sisimizi:
*Mtunzi hajulikani.*

Minza huja saa nne na chupa ya chai.
Vitabu vyetu havisomi, huvifuta vumbi.
Siku hiyo nilikuwa nasoma kwa sauti,
jicho likichoka sikio lishike zamu,
naye ameinamia ndoo. Akaudaka ubeti
kabla sijafika mwisho, kwa Kisukuma,
kwa sauti ya watu wanaovuta kitu kizito.

"Nani hajulikani? Gindu binti Luhende huyo, wa Kisesa.
Alishika safu ya mbele. Alikuwa na pengo, hapa.
Mama akimfuata nyuma, na mimi mgongoni."

Nikampigia Daktari, Dar es Salaam.
"Chanzo?" akauliza.
Nikasema: mgongo.
Akacheka, kisha akanyamaza hadi vocha ikakaribia kuisha.
"Weka."

Kuweka si kazi nyepesi. Jina linasukuma mstari,
mstari unasukuma sura, sura inazaa ukurasa,
na mchapaji wa Igogo huhesabu kwa kumi na sita:
ukizidisha mmoja, unalipia kumi na sita.
Nikarudi kwenye shukrani. Ukurasa wa saba
mstari mmoja ulikuwa umejikalia peke yake:
*na wengine wote ambao nafasi haitoshi kuwataja.*
Nikaufuta.
Nafasi ikatosha.

Kimetoka juma lililopita. Elfu hamsini.
Hizo ni chupa ngapi za chai, sikutaka kujua.
Nilimpa Minza nakala yenye jalada lililopinda.
Akaliona jina. Hakusema kitu;
alipitisha kidole juu yake
kama anayepima joto la uji wa mtoto.
Kisha akapanda juu, kwenye ubeti,
akaujaribu kwa Kiswahili cha Daktari:

*Karani … wewe, kidole chako kizito,
gunia langu si dogo, ratili tatu ziwapi?*

Akakwama. Akaanza upya. Akakwama palepale.
"Hapa pana shimo."

Nikamweleza: mjukuu wa karani ni mtu mzito siku hizi,
mwanasheria alishauri nukta tatu.
Sikumwambia ni nani aliyeziweka,
wala jinsi zilivyonyooka.

"Lutonja," akasema, akiokota ndoo. "Aliitwa Lutonja.
Mjukuu mwenyewe anaujua huo wimbo. Tuliucheza naye."
Akashuka ngazi, kitabu kwapani.

Meli ya Ukerewe ilipopiga honi nilikuwa bado mezani,
nahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la sita.
Ka-ra-ni we-we. Tano.
Nikalirudisha jina, nikahesabu tena. Nane.

Zimepungua tatu.