Nakala Moja, Wasomaji Watano

Jumanne, chumba cha nyuma, maktaba ya Ptuj.
Theluji inagonga dirisha kama mdai.

Zdenka anaanza: hakipendi.
Mpelelezi gani huyo, kutwa anaongea na kobe,
na kobe ndiye mwenye akili?
Slavko, polisi mstaafu, anakuna kidevu:
"Nimetumikia wakubwa wanne.
Kobe yule angewafundisha kazi."

Milojka hakusoma. Alifuata keki ya jozi.
Hata hivyo anamtetea yule shangazi
aliyeficha maiti kwenye friza, chini ya njegere,
kisha akamwita fundi, eti mlango haufungi.
"Hata yangu siku hizi haifungi," asema.
Kimya.
Tunaitazama keki.

Ludvik alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka,
ukurasa wa arobaini na moja; doa la chai ni shahidi.
Mkewe ana kesi nyingine:
alicheka usiku, peke yake, ndani ya blanketi,
akaulizwa kulikoni, akasema si kitu.
Mwandishi huyo hasamehewi.

Basi nani kaua?
Mwalimu wa fidla mwenye mguu wa mbao?
Pacha, au pacha anayejifanya pacha mwenzake?
Wanabishana hadi mlinzi anazima taa za ngazi,
maana ukurasa wa mwisho haupo.
Umekatwa. Taratibu, kwa rula.

Nafunga daftari la mahudhurio.
Muuaji ni karani tu, mtu wa kawaida, hana hata paka.
Ningewaambiaje?
Ukurasa umo mfukoni mwangu,
umefunga kipande cha keki
ambacho sijaamua kukila.