Safu ya Mwisho

Daftari hili lina safu kumi na moja.
Ninazijaza mimi, kwa kalamu ya bluu,
kila Alhamisi kliniki ya ini ikishafungwa,
feni ikinigeuzia kurasa kabla sijamaliza,
na Upanga nje kunanuka mvua juu ya lami.

Ya kwanza jina. Ya pili umri:
arobaini na mbili, thelathini na tisa, thelathini na sita.
Ya tano chanzo.
Hapo mara nyingi naandika B, herufi moja tu,
kirusi kilichomwingia mtu pengine siku anazaliwa,
kikakaa miaka thelathini kama mpangaji mpole,
asiyegombana na mtu,
hadi asubuhi anapoanza kubomoa ukuta.
Wengine gongo. Wengine naandika sumukuvu
na alama ya kuuliza,
maana nani atapima leo
ugali wa mwaka themanini na nane?

Tunasema fulani kanikata maini.
Tunasema nyongo mkalia ini.
Tunalitaja kila siku, na lenyewe halijibu.
Haliumi mpaka limejaa.

Kondo Mwinshehe, mpakuzi wa magunia, soko la Tandale,
alikuja na mkanda wenye matundu mawili mapya
aliyoyatoboa kwa msumari.
Alidhani anakonda kwa mawazo.
Miezi sita alitibiwa vidonda vya tumbo,
miwili akatibiwa jicho la mtu,
kisha tumbo likajaa maji, mkanda akauacha nyumbani.
Macho yake yalikuwa ya binzari.

Uvimbe, sentimita kumi na moja. Mshipa umeshazibwa.
Kisu hakifiki huko, alisema Dokta Ng'wanza,
akavua miwani, akaivaa.
Vidonge vipo. Akataja bei.
Kondo akahesabu kwa vidole, akacheka kidogo:
"Hayo ni magunia ishirini ya karanga, dokta,
na siyo ya kupakua. Ya kumiliki."

Wakamtoa maji, lita nne, rangi ya chai ya rangi.
Wakampa morfini kwenye chupa, na kijiko.
Mkewe, Siwatu, akauliza mlangoni,
"Sasa hapo mnatibu nini?"
Sista Eveta hakutafuta maneno:
"Maumivu. Na usingizi wake. Na wewe.
Kesho uje na watoto tuwapime,
wasio nacho wachanjwe."

Akaja nao wanne. Mmoja alikuwa nacho.
Kwa hilo daftari halina safu;
nimeliandika pembeni, kwa penseli, wima.

Safu ya kumi na moja ni matokeo.
Nimepewa maneno matatu: yuko hai, amefariki,
hajulikani alipo.
La tatu ndilo linalojaa.
Watu hurudi Rufiji, hurudi Kilosa,
simu huuzwa kulipa nauli,
laini humjibu mgeni asiyejua habari.
Nikipiga, navuta pumzi kwanza.
Nimezoea kupokelewa na mjane.

Kwa Kondo niliahirisha wiki tatu.
Tulimpa miezi mitatu; huu ulikuwa wa tisa.
Kalamu nilishaigusisha kwenye herufi ya a.
Simu ikaita, ikaita, ikapokelewa.
Sauti kavu, kama gunia linaburutwa:
"Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha. Nikasahau swali.
Yeye akaendelea, nyuma yake redio na kuku:
siku hizi hapakui, anachambua karanga uani,
yenye ukungu anaifukia,
haimpi hata kuku,
na majirani wanamwita bwana afya.
Usiku ni mgumu. Kijiko kimekuwa viwili.
Ugali haupiti, uji unapita.

"Umeniandika nini humo?"
"Yuko hai."
Kimya. Kuku mmoja akalalamika.
"Andika na tarehe," akasema.
"Hilo neno bila tarehe
utakuja kuonekana muongo."

Nikaandika. Alhamisi, tarehe kumi na nne, saa tisa na robo.
Safu ni nyembamba,
saa ikaingia kwenye mstari wa mtu wa chini yake,
ambaye bado sijampigia.