Daftari la Fundi wa Friji

Saa kumi na moja kasoro robo, kituo cha mafuta, Malindi,
wanne tunajinyoosha chini ya taa inayopepesa.
Kitsao ametoka lindo la benki, hajalala,
ameshamaliza kiporo cha sima na kipande cha papa,
na atakimbia hadi daraja la Sabaki
kama mtu aliyekumbuka kaacha mlango wazi.
Rukia ana tende tatu. Tatu, si nne.
Kokwa huzitia mfukoni, hazitupi njiani;
akirudi, asema, lazima hesabu itimie.
Dama hali kitu. Hata maji, hasukutui.
"Nikinywa nasikia bahari tumboni."

Na mimi, Thoya, nimezoea mashine:
ukijua gesi yake, ukijua waya zake,
friji mbili za aina moja zitagandisha sawasawa.
Basi nikanunua daftari la mistari, nikaandika:
Kitsao, sima, kwenda na kurudi, dakika hamsini na saba.
Nikapiga mstari chini yake, mwekundu.

Wiki ya kwanza nilikuwa Kitsao.
Nikala kiporo gizani, nikafunga kamba za viatu.
Pale Sabaki, maji mekundu yakishuka baharini,
nilichutama nyuma ya kichaka
nikiomba lori lolote lisipite.
Lilipita. Likapiga honi.

Wiki ya pili nilikuwa Rukia.
Tende tatu, kokwa mfukoni.
Kilomita ya tisa miguu ikawa ya mtu mwingine,
mwenyewe kaja kuidai katikati ya lami.
Rukia akanipita akisimulia watoto wake wa chekechea,
pumzi haikumkatika hata kwa herufi moja.

Wiki ya Dama sitaisimulia.
Muulizeni muuza madafu wa njia panda
aliyenishika kwapa, akakataa pesa.

Kila ndege huruka kwa ubawa wake.
Sawa, wahenga. Ila hamkusema
ndege huyo anywe chai saa ngapi,
na ubawa ukimuuma alale siku ngapi.

Daktari alinibonyeza ukano wa kisigino.
"Unafuata mazoezi ya nani?"
Nikatazama ukuta. Jibu lilikuwa: ya wote.

Nilipomwonyesha Kitsao ukurasa wake, alicheka hadi akakaa.
"Na Jumanne je? Jumanne sikimbii, nafua nguo."
Hilo sikuwa nimeliandika.
Wala daftari halikujua
kwamba alikulia Magarini nyuma ya mbuzi wasiosikia,
kwamba Dama, kabla ya kujua kusoma,
alijua uzito wa dumu la lita ishirini,
kwamba Rukia huhesabu tende
kwa sababu kuna mwaka, kwao, hesabu haikutimia.

Nikaanza upya, polepole, bila kumtazama mtu sahani.
Viazi vya karai viwili, ukwaju mbali.
Chai ya tangawizi, nusu kikombe, saa nzima kabla.
Siku tatu kwa wiki, nazo kwa mwendo
wa kumsikiliza mwadhini
na kutambua kwamba leo ana mafua.
Dakika sabini na moja. Sikupiga mstari.

Juzi Ngumbao, kijana wa bodaboda,
aliniomba daftari apige picha kurasa.
Nikachana zilizoandikwa, nikazitia mfukoni,
nikampa lililobaki, jeupe.
Akaligeuza huku na huku, akaona nimemnyima.
"Kesho alfajiri," nikamwambia, "njoo na tumbo lako."

Alikuja. Ana viatu vipya,
na amekula chapati nne.
Nikafungua mdomo. Dama akanifinya mkono.
"Mwache," akasema. "Sabaki si mbali."