Bei ya Kilo

Sokoni Skaryszew theluji imegeuka tope,
farasi huuzwa kwa kilo, kama viazi.
Bogumiła alikuja kununua kamba tu.

Jike mzee, kijivu, kwato zimepinda kama ndizi,
mbavu zake unazihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara.
Mchinjaji katoa noti. Bogumiła katoa zaidi:
pesa za meno yake ya bandia.

Muuzaji akazihesabu mara mbili, akatema mate.
Gari lilipoanza kuondoka akalikimbilia,
akagonga kioo:
"Mkune nyuma ya sikio la kushoto.
La kulia lina kovu. Kosa langu."
Akavua kofia, asijue aiweke wapi.

Sasa jioni wawili hao hutafuna taratibu,
mmoja nyasi kavu,
mwingine mkate uliolowekwa.