Tatu ya Pau

Mwezi wa tano Malindi ni ya mvua na wenyeji.
Wazungu wa hoteli wamerudi kwao,
tumebaki na wazungu wa karata:
wa nne, wa tatu, wa pili,
na chumba cha dobi chenye mashine sita, moja ndiyo nzima.
Juu ya meza ya kukunjia shuka
tulishindana wahedi wa sitini:
wapishi wawili, walinzi wawili,
wa mapokezi wawili wenye kucha safi,
na sisi wa dobi, mimi na Kadzo wa Msabaha.
Atakayeshindwa fainali, mahamri ya wiki nzima ni juu yake.

Kila mtu alizitaka ree.
Ukigawiwa ree na saba uso unakuponyoka,
unakaa wima kama bwana harusi.
Ukigawiwa garasa unasonya,
unazitupa mezani kama maganda ya mbaazi.

Kadzo hakusonya.
Alizipanga kwa rangi, kisha kwa ukubwa,
jinsi anavyopanga foronya,
akaniambia bila kuniangalia:
"Hesabu. Karata arobaini.
Mbili, tatu, nne, tano, sita, mara nne.
Nusu ya mchezo ni garasa, Mwanaiki,
nawe hiyo nusu unailala."

Akanifunza vipande vipande, mashine ikizunguka.
Adui akila, mlishe mbili ya uru:
ameshika fungu, ndani mna upepo.
Sita ya kopa usiitoe mapema;
wakubwa wakishamalizana, sita ndiye mkubwa.
Anza na nne kavu, mwachie mwenzio neno la mwisho.
Na turufu ndogo usiionee haya.
Mbili ya turufu inaila ree ya rangi nyingine
wala haiombi radhi.

Fainali ilikuwa Jumatano, mvua ikipiga bati la jenereta.
Turufu, pau.
Msellem wa mapokezi alihesabu chini chini
kama mtu anayehakiki chenji:
ree ya pau imepita, saba imepita,
wazungu wake wote watatu wamepita.
Kila mmoja amebaki na karata moja.
Wao hamsini na tisa.
Sisi hamsini.
Akaiweka ree ya kopa mezani, taratibu,
kama anayemkabidhi mgeni ufunguo.
Mimi, tano ya shupaza. Bure.
Sidi, mwenzake, nne ya uru. Bure.
Kadzo alikuwa anajikuna kiwiko.
Akateremsha tatu ya pau.

Hatukupiga kelele mara moja.
Kitsao wa jikoni alijumlisha kwa vidole,
hamsini, na kumi na moja,
vidole vikamwishia, akaanza tena.
"Hiyo tatu ilikuwa wapi?" Msellem akauliza.
"Mkononi," Kadzo akasema. "Tangu ulipogawa."

Mahamri tuliyala siku nne.
Ya tano, karatasi ilibandikwa mlango wa nyuma,
majina kwa mashine, sahihi kwa wino wa buluu.
Sababu ilikuwa msimu. Sababu huwa msimu.
Kadzo alikunja aproni yake pembe kwa pembe,
akaiweka juu ya zile nyingine, lebo ikitazama nje,
akaniachia karata,
akaondoka na kandambili zake mfukoni
kwa kuwa njia ilikuwa tope.

Sasa nacheza na kijana wa bustani.
Anatupa garasa kama anayeng'oa magugu.
Jioni humpigia Kadzo simu, nikamsimulia mchezo wote:
nani alishika saba, nani alikatwa,
nani aliondoka na kiti kikaanguka.
Namsikia akiwaita kuku waingie,
namsikia mwanawe akisoma kwa sauti, akikosea, akirudia.
Kisha hunikatiza.
"Ree nimesikia. Nne ya kopa je?
Nani aliitoa, na ilikuwa mkono wa ngapi?"

Nami nashika simu, kimya.
Sikuiangalia.